Mageti Kutoka Duka la Vifungo

Najua mmenisema wiki nzima. Simu zimepigwa mpaka kwa mhariri: mwandishi gani huyu anamwacha mwanamke wa watu kaunta, ofisa wa kodi amemshikia risiti mbele ya pua, halafu yeye anakwenda zake kulala? Haya, nimeamka. Kauthar yuko palepale tulipomwacha, dukani kwake Ngarenaro, na ile risiti haijasogea hata inchi moja.

"Isome, mama," alisema Nancy, yule ofisa. "Isome kwa sauti."

Kauthar alivaa miwani. Kwa haraka akaivaa upande.

"Mageti ya chuma," alisoma. "Sita."

"Na hapo juu, duka limeandikwa la nani?"

"Langu."

"Wewe unauza nini?"

Kauthar aligeuka kuzitazama rafu zake kama mtu aliyekuja kununua. Zipu. Vifungo. Nyuzi za kila rangi. Lastiki, pini, chaki za mafundi cherehani. Miaka kumi na minane humo ndani hakijawahi kutoka kitu kizito kuliko mkasi.

"Sasa hayo mageti sita ya hoteli kule Usa River," Nancy aliuliza, "umeyashona kwa uzi gani?"

Kuna mtu alicheka kibarazani. Si mwingine, ni Dismasi fundi viatu, mtu ambaye hata msibani hukaa karibu na mlango kwa sababu ya kicheko chake. Evaresta, mama lishe wa ng'ambo ya njia, alimtandika kofi la mgongo, akanyamaza.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe haraka, maana wenzako hawana subira. Katika kichochoro kile kizima, mwenye mashine ya risiti ni Kauthar peke yake. Wachomeleaji hawana, seremala hana, wa magodoro hana. Na wateja wakubwa, wa mahoteli na mashamba ya maua, hawatoi hela bila risiti. Basi ikawa mazoea. Fundi akipata kazi ya maana anakuja dukani: "Mama Siwema, nichapie." Naye anamchapia, kama anavyomgawia jirani chumvi. Fungu la kodi fundi anamkabidhi Abdulrahim, mume wa Kauthar, na kila baada ya miezi mitatu Abdulrahim anavaa koti lake la kijivu, anakwenda benki kulipa.

Hakuna aliyeona kosa hapo. Wao waliona ndio uraia wenyewe: mteja kapata karatasi yake, serikali imepata chake, na jirani hakukosa kazi. Tena Kauthar alikuwa anajivunia. Siku ya kulipa ilimuuma, asikudanganye mtu, ilimuuma mpaka kwenye mifupa, lakini akishalipa alilala.

"Mwanangu, sikufichi," alimwambia Nancy. "Hayo mageti ni ya Hans, jirani yangu. Mimi nimechapa tu. Lakini kodi yake imelipwa! Ya mageti, ya vitanda, ya kila kitu. Mume wangu anaipeleka mwenyewe kwa mkono wake."

Nancy aligeuza kishikwambi chake, akakilaza juu ya kaunta kati ya makopo mawili ya vifungo.

"Mashine yako imesoma mauzo ya milioni tisini na sita mwaka huu. Yaliyolipiwa kodi ni milioni kumi na tano. Hizo ni zipu na nyuzi zako, mama. Mageti hayamo. Vitanda havimo."

"Haiwezekani."

"Hapo nimeangalia mara tatu kabla sijaja."

Kauthar alishika ukingo wa kaunta. Kitu pekee alichokuwa anakiwaza ni kwamba watu kule nje wanamtazama.

"Sikiliza, mama," Nancy alishusha sauti. "Kumchapia mtu mwingine risiti ni kosa, hata kama kodi ingelipwa. Hilo nitalieleza ofisini, maana hukunificha. Lakini hela ya kodi imetoka kwa watu na haikufika. Kuna mtu kaipokea. Saa tisa nitarudi. Nikukute na huyo Hans, aandike alimpa nani, na wewe uthibitishe. Nisipomkuta, nalifunga duka, na kesi yote inakwenda kwa jina lako."

"Duka hili ndilo limesomesha watoto wangu, binti."

"Najua. Na mimi mama yangu anauza ndizi Tengeru. Analipa ushuru asubuhi kabla hajauza hata chane moja, halafu jioni ananinunia mimi, kana kwamba ndiye niliyemchukulia." Alikusanya karatasi zake. "Saa tisa, mama. Shikamoo."

"Marahaba," aliitikia Kauthar, kwa kuwa mdomo umezoea.

Nancy hajafika hata kona, kibaraza kikalipuka.

"Nilisema mimi!" Dismasi alirusha kiatu cha mteja chini. "Ukiwa na mashine unaonekana! Mimi sina mashine, sina kibao, mvua ikinyesha nahama. Nani ananijua?"

"Unajisifia?" Evaresta alimvaa. "Kwenye umeme unakatwa. Kwenye simu unakatwa. Hata soda uliyokunywa jana umekatwa. Unalipa kila siku, tofauti yako na sisi ni kwamba huna risiti!"

"Sasa si ndiyo inayoniuma hiyo? Nakatwa kimyakimya, halafu nikiugua naambiwa dawa kanunue nje!"

"Mwanangu alipasuliwa akajifungua salama hospitali hiyo hiyo unayoisema. Daktari yule ulimlipa wewe?"

"Huenda zilimlipa soda zangu!"

Watu walicheka. Kauthar hakucheka. Alikuwa ameingia nyuma ya pazia la stoo, simu sikioni, anampigia mumewe. Abdulrahim alikuwa ametoka tangu alfajiri kwenda Olasiti, kutazama kiwanja cha rafiki yake.

"Baba Siwema, kodi ya Hans uliipeleka?"

Kauthar alisikia upepo kwenye simu, na jogoo wa mtu.

"Nani anauliza?"

"Ofisa kaja. Anataka kufunga duka. Uliipeleka au hukuipeleka?"

"Hans?" Sauti ya Abdulrahim ilipanda. "Hans hajawahi kunipa hata shilingi! Kila siku kesho, kesho kutwa. Nilikuwa namstahi tu. Mfuate, Mama Siwema, mfuate huko huko aliko. Na usibwabwaje mbele ya hao watu."

Kauthar alikata simu. Hofu ilimtoka, ikaingia hasira, na kusema kweli hasira ilimfaa zaidi. Kumbe ni Hans! Mtu aliyekula futari kwake! Alifunga duka, akaliendea banda la Hans. Kofuli. Wiki za kuchuma kahawa, Hans huwa hakai mjini, anapanda kwao Poli, mlimani, kumsaidia mkewe.

"Poli, na kurudi, na kunisubiri," alimwambia dereva wa bodaboda. Bei aliyotajiwa hakubishana nayo, na dereva mwenyewe alishtuka.

* * *

Ruth, mke wa Hans, alikuwa anatandaza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia. Alimwona mgeni anashuka kwenye pikipiki, akafuta mikono.

"Karibu, Mama Siwema! Jamani, leo umetukumbuka. Za mjini?"

"Hans yuko wapi?"

Hata salamu hakuitikia. Ruth alimtazama, akaelewa kwamba hii si ziara, akaita kwa Kimeru kuelekea migombani. Hans alitokea amebeba kikapu cha kahawa mbivu begani, mtu mpana, mwenye alama za cheche mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Duka langu linafungwa saa tisa kwa sababu yako," Kauthar alisema. "Umekaa kwangu, umekula kwangu, nimekuchapia risiti sina hata senti ninayopata. Kodi yako iko wapi, Baba Joel?"

Hans aliweka kikapu chini polepole.

"Nimempa mumeo."

"Mwongo!"

"Mama Siwema, mimi ni mzee wa usharika. Usiniite hivyo nyumbani kwangu."

"Yeye mwenyewe kaniambia sasa hivi. Hata shilingi!"

Hans aliingia ndani, akatoka na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaanza kuteremsha meseji kwa kidole gumba chenye masizi. Akampa. Kauthar akavaa miwani, safari hii sawasawa.

Zilikuwa meseji za kutuma hela. Kila moja ina jina la anayepokea, na jina ni la Abdulrahim. Januari. Februari. Machi mara tatu. Chini ya ile ya mageti ya Usa River kulikuwa na jibu la Abdulrahim mwenyewe: *Nimepata kodi yako ndugu yangu, Mungu akuzidishie.*

Kauthar alisoma, akarudia. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kichanja, juu ya kahawa ya watu.

"Machi," alisema.

"Machi nini?" Ruth aliuliza.

Machi ndipo lilipokuja lori la mawe, na la simenti. Miaka yote mvua ikinyesha, kichochoro kile kiligeuka mto, maji yakaingia madukani, zipu za Kauthar zikapata kutu kwenye pakiti. Watu waliandika barua mpaka wakachoka. Ndipo Abdulrahim akasimama mbele ya watu akasema, mimi ninajenga mtaro, kwa hela ya mfukoni mwangu. Akajenga kweli. Watu walichinja mbuzi, wakamwita Mheshimiwa, na mpaka leo akipita anapishwa njia. Kauthar alipomuuliza hela imetoka wapi, aliambiwa shamba la baba yake huko Kondoa limeuzwa. Akaamini. Wewe usingeamini?

"Baba Joel," alisema, "ile mifuniko ya chuma ya mtaro aliitengeneza nani?"

"Mimi."

"Nani alikulipa?"

"Si Baba Siwema! Alinilipa laki saba taslimu, nikambari..." Hans alikomea hapohapo. Macho yalimtoka. "Mungu wangu! Kumbe nimelipwa kwa hela yangu mwenyewe?"

Kicheko kilimtoka bila kutaka, kikafa. Alijikuna kichwa, akatazama chini, akatazama mgeni wake.

"Nikwambie ukweli, Mama Siwema? Sijui nikasirike au nishukuru. Mwaka huu sijachota hata ndoo moja ya maji ya mvua bandani kwangu. Nimelipa kodi, nimeiona kwa macho, naikanyaga kila siku. Mara ya kwanza maisha yangu yote!"

"Kasirika," Kauthar alimwambia. "Jina lililo kwenye kesi si lako. Ni langu."

Hans alisema, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, kwamba akienda mjini kuandika, na yeye ataandikwa. Miaka yote hiyo hana mashine, hana namba. Watamuuliza ya mwaka juzi, na ya mwaka ule mwingine.

"Utakwenda," Ruth alisema.

"Ruth, wewe hujui hao watu."

"Huyu mama hajui lolote na ndiye anayefungiwa duka. Wewe unajua. Vaa shati."

Hans alivaa shati.

* * *

Saa tisa kasoro robo. Kichochoro kimejaa mpaka huwezi kupitisha baiskeli. Waliposhuka, Kauthar alikuta duka liko wazi na mumewe amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, koti la kijivu mwilini, anatania watu. Alipomwona Hans nyuma ya mkewe, utani ulimwishia.

"Njoo stoo," Kauthar alimwambia.

Nyuma ya pazia, kati ya maboksi ya nyuzi, walisimama karibu kugusana.

"Nimeziona meseji," alisema Kauthar.

Abdulrahim hakukana. Hilo lilimuumiza zaidi mkewe.

"Niambie wewe," alisema mumewe. "Kodi ni ya nini? Si ya mtaro? Nimejenga mtaro! Sikunywa, sikuoa, sikula hata mia. Nani amedhulumiwa hapo?"

"Mimi."

"Wewe watakuonea huruma. Mwanamke, mtu mzima, hujawahi kukosa. Waambie Hans hakulipa. Atapigwa faini, tutamchangia, yataisha."

"Hans alilipa!"

"Kauthar." Sauti ilimkatika. "Miaka kumi na minane watu wananiita mume wa mama vifungo. Duka lako, mashine yako, hela yako. Huu mtaro ndicho kitu changu cha kwanza. Wananisalimia, Kauthar. Wananipisha njia. Usininyang'anye."

Kauthar alimtazama mtu aliyezaa naye watoto watatu. Alimhurumia, Wallahi alimhurumia, na kama mngekuwa pale stoo na nyinyi mngemhurumia. Alikuwa amefungua mdomo kumjibu, pazia likafunuliwa.

"Saa tisa, mama," alisema Nancy.

Walitoka. Nancy alitandaza fomu kwenye kaunta. Hans alisogea, jasho linamtiririka, akaweka simu yake pembeni ya fomu.

"Naitwa Hans Sumari. Mageti nimetengeneza mimi. Mashine sina, namba sina, na hilo nitalijibu. Lakini kodi nililipa. Nilimpa huyu." Alinyoosha kidole. "Meseji ni hizo."

Umati ulinguruma. Nancy alizisoma moja baada ya nyingine, akainua uso.

"Mzee Abdulrahim?"

Abdulrahim alirekebisha kola ya koti lake. Aliangalia watu, si ofisa.

"Hilo lilikuwa deni," alisema. "Nilimkopesha, akawa ananirudishia kidogokidogo. Hayo maneno ya kodi ni utani wetu tu."

"Baba Siwema!" Hans alipiga kelele. "Unaniangalia machoni unasema hivyo?"

"Na mtaro uliujenga kwa hela gani, za utani?" Evaresta aliuliza kutoka mlangoni, na hapo ndipo watu walipoanza kuelewa. Ungeziona nyuso zao! Wengine waliutazama ule mtaro, wengine walimtazama Mheshimiwa wao. Seremala, ambaye naye alikuwa ametoa kodi yake kila mwezi, alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mama Siwema," Dismasi alisema, na mara hii hakuwa anacheka hata kidogo, "ufikirie na mtaa. Mtaro ni wetu sote. Mseme Hans, yaishe."

"Yaishie kwa nani?" seremala alifoka. "Hela yangu mimi je?"

"Tulieni!" Nancy alipiga kaunta, vifungo vikaruka. Alimgeukia Kauthar. "Huyu anasema kodi, huyu anasema deni. Mashine ni yako, mama, na risiti ulichapa wewe. Ukisema ni deni, Hans hakulipa, na wewe ulimchapia mkwepaji kodi, nafunga duka sasa hivi. Ukisema ni kodi, andika hapa jina la aliyeipokea. Sema mwenyewe. Ni deni au ni kodi?"

Kauthar alilitazama duka lake, rafu kwa rafu. Akamtazama Hans, shati lake la kanisani limelowa. Akamtazama mumewe, na mumewe akatikisa kichwa kidogo sana, kama anavyomtikisia mtoto mbele ya wageni.

"Ni kodi," alisema.

Nancy alimsogezea fomu na kalamu. "Jina la aliyepokea. Hapo."

"Kauthar!"

Abdulrahim alikuwa amesimama. Kiti cha plastiki kilianguka nyuma yake. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu:

"Ukiandika jina langu kwenye hiyo karatasi, nakuacha. Hapa hapa. Watu wote hawa ni mashahidi wangu."

"Yesu wangu," Evaresta alinong'ona.

Hakuna aliyesogea. Hata Nancy alirudisha mkono wake kutoka kwenye fomu, kama vile karatasi imepata moto. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa imesimama pale, kati ya kaunta na mlango, na watu wote wanaiangalia.

Kauthar alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena. Aliivuta fomu karibu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, akayaacha yatoke, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kazi.

"Basi anza kutamka, Baba Siwema," alisema. "Mimi nimeshaanza kuandika."